Sufuria ya Mama na Jua la Julai

Baba yangu, Bedan Gichuru, alitengeneza baiskeli kando ya Jogoo Road, lakini ukimuuliza kazi yake angetazama mawingu kwanza ndipo akujibu. Alijiona mvuvi. Mvuvi wa mtaa wa Mbotela, mzaliwa wa Nyeri milimani, na katika ukoo wetu mzima hapakuwa na aliyewahi kuonja samaki! Kwa mama yangu, Wangeci, samaki alikuwa ndugu wa nyoka, basi. Siku ya kwanza Baba alipoleta tilapia, Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Mirriam, kitu ya magamba haiingii sufuria yangu. Siku itaingia, mimi natoka."

Kwa hiyo kwa miaka tisa samaki wa Baba walipikwa nyumba ya pili, kwa Abdurahim fundi cherehani na mkewe Kibibi, watu wa Vanga, pwani. Abdurahim ndiye aliyemfundisha Baba kuvua, kwenye shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji ya mvua, nje ya Dandora. Mwanafunzi akampita mwalimu kwa masharti. Kambare, alisema Baba, huendewa siku moja baada ya mvua kubwa, maji yakiwa bado na tope. Tilapia hutaka joto: asubuhi ya jua na mawingu mepesi, nawe ukae ukingo ule ambao upepo unauelekea, maana chakula chao husukumwa huko. Julai hakwenda kabisa.

"Julai samaki amelala chini, kama wewe na blanketi yako," aliniambia. "Kumwamsha ni kukosa adabu."

Waliokwenda Julai wakarudi mikono mitupu aliwacheka, tena kwa ubaya, sitamfichia.

Kumbe siku zake zinakuja. Macho ya Abdurahim yalikuwa hayaoni tena tundu la sindano, na Julai ya sabini na tisa yeye na Kibibi wakaamua kurudi kwao. Basi lilikuwa la Jumamosi, saa moja jioni. Baba alitaka kitu kimoja tu: rafiki yake aondoke akiwa amekula samaki wa mkono wake. Wiki nzima alitoka nje kila asubuhi, akainua uso, akarudi ndani. Manyunyu na baridi tu.

"Si ununue tu sokoni Kariobangi?" nikamwambia.

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mamake.

Jumamosi saa tano jua likatoka. Nilidhani ataruka, lakini wapi! Alikaa akikaza spoki za watu, nami nikatamani kumpigia kelele.

"Maji ya shimo hayapati joto haraka," akasema. "Kule kwenye mwamba, penye kina kifupi, patakuwa na joto saa nane. Si kabla."

Alipanda baiskeli saa saba. Akarudi saa kumi na moja kasorobo na tilapia wawili, mmoja mpana kama sahani, mwingine wa kuombewa radhi. Alipiga hodi kwa jirani huku akiimba. Kibibi alipomwona akajishika kichwa.

"Bwana Gichuru! Vyombo vyote vimetangulia na lori jana. Hata mwiko sina!"

Nilimhurumia Baba. Alikuwa amepima jua, maji, na saa ya basi, chungu hakukikumbuka. Alibaki amesimama uani, samaki wakining'inia kwenye ugwe, na hakutazama mlango wetu. Hakuthubutu.

Mama alikuwa amesikia yote. Alitoka na jiko likiwa limeshawaka, akarudi ndani, akatoka tena na sufuria. Wala haikuwa ile kuukuu. Ilikuwa ile kubwa ya Krismasi. Akaiweka mbele ya Kibibi.

"Pika, Kibibi. Lakini mimi sishiki."

Kibibi alipika kwa nyanya na ndimu huku machozi yakimtoka, akisingizia vitunguu. Mama alisimama pembeni, leso puani, wala hakuondoka. Abdurahim alikula mpaka kichwa, akanyonya mifupa, akamgeukia Baba.

"Julai, sahibu?"

"Julai," akasema Baba.

Walipokwisha kwenda, Mama aliisugua sufuria kwa majivu mara tatu. Baba naye akautundika mshipi wake wa kuvulia msumarini. Mvua za Novemba zilikuja, tope likawa lile lile analolipenda, naye akatazama juu kidogo, akarudi kwenye spoki zake. Wa kumpikia hakuwapo. Alikuwa na huzuni, na nyumba yetu ikawa kimya kuliko nilivyopenda.

Asubuhi moja ya Februari, Mama alikwenda kumwaga maji uani. Akasimama na karai tupu mkononi, akitazama angani kwa muda mrefu.

"Baba Mirriam," akaita, "kuna jua, na mawingu ni mepesi. Sasa unangoja nini? Ile sufuria nimeshaitoa."