Jeli ya Makongoro

Ijumaa iliyopita nilinunua makongoro manne, miguu ya ng'ombe, buchani Majengo, nikarudi nayo nyumbani Kizwite, hapa Sumbawanga, na wanangu wawili wakaziba pua. "Mama, si kuna jeli ya pakiti dukani?" Ipo, nikawaambia, lakini hiyo haitanisaidia. Jumapili nilikuwa na mgeni, na mgeni huyo nilimsubiri tangu nikiwa na miaka tisa.

Najua, rafiki yangu, ukisikia Sumbawanga halafu kisasi unawaza uchawi. Tulia, ni jeli tu.

Bibi yangu aliijua jeli ujanani, alipokuwa akipika jikoni kwa masista. Pakiti hazikuwepo. Aliyachemsha makongoro tangu asubuhi mpaka mifupa iachane, nasi wajukuu ndio watu wa kuni. Akishachuja anaacha sufuria nje, na baridi ya Juni ya huku kwetu inafanya kazi ya friji. Kesho yake tunaparua mafuta yaliyoganda juu, anarudisha motoni na sukari, limau, mdalasini, na ute wa mayai uliopigwa. Povu likipanda linabeba uchafu wote. "Usikoroge! Ukikoroga umeniharibia!" Ikipita kwenye kitambaa cheupe inatoka safi, rangi ya chai ya rangi, haina hata chembe ya harufu ya ng'ombe. Tulipigania bakuli lenye ufa kwa sababu ndilo lilikuwa kubwa.

Siku ya komunyo yangu ya kwanza bibi aliweka beseni la jeli katikati ya meza uani. Jirani yetu, mke wa mwalimu mkuu, akaonja, akauliza imetengenezwa na nini. Bibi hakujua kudanganya, akamwambia. Yule mama akatema kwenye leso, akasimama. "Makongoro? Supu ya walevi ndiyo mnatulisha leo, siku ya Bwana?" Watu wakacheka, kisha mmoja mmoja wakarudisha vibakuli mezani. Bibi akavikusanya, akamwaga vyote kwenye shimo la taka, na mpaka anakufa hakupika jeli tena. Mimi nimesimama pale na gauni langu jeupe. Nilimchukia yule mama kwa moyo uleule niliotoka kupokea nao komunyo, na chuki hiyo sikuwahi kuiungama.

Sasa Jumapili hii ilikuwa komunyo ya binti yangu mkubwa. Mtu wa kwanza kumwalika alikuwa yule mke wa mwalimu mkuu.

Basi Ijumaa tukachemsha na kuchuja, Jumamosi tukaparua mafuta na kurudisha motoni. Wanangu walisahau kuziba pua mara povu lilipopanda. Mdogo akashika mwiko, nikamfokea hadi akaruka. Baada ya kuchuja tukapanga mabakuli dirishani, upepo ukapiga. Asubuhi nilitikisa moja, likatetemeka lisimwagike. Nilicheka peke yangu jikoni, wallahi, na mimi ni Mkatoliki.

Yule mama alikuja na fimbo, mjane sasa, meno yamebaki ya kuhesabu. Nikapiga goti, nikampa bakuli kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akala. Akafumba macho. Akakwangua mpaka chini. "Tamu kweli! Umenunua wapi?"

"Ni ya makongoro," nikasema kwa sauti, watu wote wasikie. "Jeli ileile ya bibi yangu, uliyoitema kwenye komunyo yangu."

Akanitazama usoni, akatafuta, akatafuta tena. Nilingoja aibu impande. Haikupanda.

"Sikumbuki, mwanangu," akasema. "Lakini niongeze kidogo."

Loo! Miaka thelathini nimelilea jambo hili kama mtoto, kumbe mwenzangu hakulibeba hata hadi nyumbani kwake siku ile. "Imekwisha," nikamjibu, na beseni limejaa mbele ya macho yake. Binti yangu, na gauni lake jeupe, akanitazama kisha akatazama chini.

Nyumba ya bibi ilishabomolewa, jiko lake la kuni sasa ni fremu ya duka la vocha za simu, na Kizwite nzima sijui mwingine anayeweza kupika jeli ile. Bibi mwenyewe, niliyetaka aone bakuli lile limekwanguliwa, alizikwa bila kuombwa radhi. Sijasamehe, nisikudanganye. Ila tangu Jumapili sijui hasira hii nimpelekee nani.