Vijana wa Sindano Waanze

Sukari ikinishuka, hasira ndiyo hutangulia. Kabla ya jasho, kabla ya mikono kutetemeka, mtu akinisalimia namwona ananichokoza. Ndiyo maana miaka ile ya kliniki ya kisukari pale Bukoba watu waliniita mkorofi. Sikuwabishia, kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli na nusu ilikuwa njaa.

Utaratibu ulikuwa huu: siku ya kliniki unafika asubuhi bila kula, unapimwa damu, ndipo unakunywa chai. Foleni ilikuwa benchi refu ukutani. Mmoja akiingia ndani, waliobaki wanasogea. Nilikuwa natoka nyumbani Nyanga mapema, kwa miguu, nikapata nafasi karibu kabisa na mlango. Mara anaingia bibi na mkongojo wake. Unainuka. Unapiga magoti, unamsalimia, anakaa palipokuwa pako, nawe unakwenda mwisho wa benchi. Hujapoa, anaingia mzee mwingine. Unainuka tena. Wengi waliokuja pale walikuwa wazee, sisi vijana tulikuwa wa kuhesabika, basi mpaka jua la utosini tulikuwa bado tunasalimia.

Wazee wale hawakuwa watu wabaya. Walitubariki, walituuliza habari za shule, wengine walituonea huruma kuumwa ugonjwa wa watu wazima. Hakuna aliyetuambia tuondoke. Ndivyo tulivyolelewa tu, na hata mimi na ukorofi wangu sikuwahi kuwaza kwamba mkubwa anaweza kuingia ukabaki umekaa.

Nilikuwa na mwenzangu mmoja, msichana mdogo kwangu, mtoto wa wakulima wa Kimwani kule Muleba, aliyekuwa anasoma bweni Kahororo. Alikuwa mpole hadi nikawa namkasirikia. Wazee wengi walitumia vidonge. Mimi na yeye tulijichoma sindano, na dawa ya jioni iliendelea kufanya kazi mwilini asubuhi yote huku tumboni hamna kitu. Siku moja alimpisha bibi yule wa mkongojo, akapiga magoti kumsalimia, asiinuke. Tulidhani bado anamalizia salamu. Bibi alimwitikia mara ya kwanza, akamwitikia tena, ndipo akaona paji la uso wa mtoto limelala sakafuni.

Muuguzi alimpaka sukari ndani ya midomo, akazinduka. Neno lake la kwanza lilikuwa kumwomba bibi msamaha. Nilitamani kumzaba kibao. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Huyu alisikia yote, na ndiye aliyeanguka.

Baada ya hapo muuguzi mkuu akatuambia kamati inayopanga huduma za kliniki inamtaka mgonjwa kijana, tuchague mmoja. Walinichagua mimi kwa ajili ya mdomo wangu. Nilikubali haraka, kisha nikahangaika wiki nzima. Nilikuwa napalilia kibanja cha mama huku nabishana na migomba.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mstaafu, naye mgonjwa wa benchi lile lile. Nilipoingia nilipiga magoti nikamsalimia, nikawasalimia na wengine mmoja mmoja. Wakaniuliza vijana tungependa ukuta upakwe rangi gani, na kama televisheni ingetufaa wakati wa kusubiri. Chini ya meza mguu wangu ulikuwa unacheza kama wa fundi cherehani. Nikasema rangi yoyote itatosha, na televisheni wawawekee wazee, maana tunachoomba sisi ni vijana wa sindano tupimwe kwanza, wao wafuate.

Mama mmoja akageukia dirishani, kana kwamba nimevua nguo. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Mwanangu," akasema, "unataka mimi na mvi hizi nikae nyuma yako?"

Magotini nilikuwa bado na vumbi la salamu yake.

"Ndiyo, waitu," nikamjibu kwa neno letu la heshima. "Wewe ukichelewa utachoka. Sisi tukichelewa tunaanguka."

Akamuuliza muuguzi kama ni kweli. Muuguzi akasema ni kweli, na kwamba aliogopa kulisema. Waliteta kwa muda mrefu. Mmoja alilalamika kwamba kesho vijana watadai na viti vya mbele kanisani. Mwishowe wakakubali tujaribu. Nilirudi nyumbani najiona nimeangusha mti peke yangu.

Siku ya kliniki ikafika. Muuguzi akasimama mlangoni akatangaza kwa sauti: vijana wa sindano waanze. Hakuna aliyeinuka. Akarudia. Msichana wa Kimwani aliinamisha kichwa, akaanza kuchezea pindo la sketi ya shule. Mbele yetu lilikaa benchi zima la mvi, na nani angepita mbele ya mvi zile?

Mwalimu mstaafu, aliyekuwa katikati ya benchi, akamwita yule msichana kwa kidole.

"Mwanawange, nakutuma," akamwambia. "Ingia humo ndani, upimwe, kisha uniletee jibu."

Mtoto akitumwa na mkubwa hakai. Aliondoka mbio. Aliporudi alipiga magoti mbele ya mzee, akamwambia sukari ilikuwa imeshaanza kushuka, na kwamba muuguzi amemnywesha chai ya sukari. Mzee alitazama watu wote waliokuwa kati ya mtoto yule na mlango. Kisha akawatuma wengine mmoja baada ya mwingine, nao wakaenda kama wanaotumwa chumvi dukani.

Alipowamaliza akanigeukia mimi. Nilikuwa mwisho kabisa wa benchi, kwa sababu asubuhi ile ile nilishampisha bibi wa mkongojo. Mikono ilikuwa inanitetemeka, na nilikuwa na hasira tangu nifike, sijui na nani.

"Na wewe mwenye mdomo," akaniuliza, "unasubiri nani akutume?"