Nilijaribu mbinu za malkia wa kale kwa mume wangu Mkasai, akaacha kula chakula changu

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Huwa nasoma tu humu na kucheka peke yangu, leo nimeona na mimi niandike. Kiswahili chetu cha huku kimechanganyika na Kifaransa, mtanivumilia. Ila haya yamenikuta mimi mwenyewe na siongezi chumvi.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kampemba. Kwetu ni Katanga ya kaskazini, babu alikuja huku kwa kazi ya reli. Mume wangu ni Mkasai, yaani kwao ni mkoa wa Kasai, anauza vipuri vya magari. Tuna mtoto mmoja, Grâce, ana miaka minne. Kwa hiyo yeye namwita Baba Grâce, na mimi ananiita Mama Grâce.

Karibu mwaka mzima nilikuwa Mama Grâce tu. Mama Grâce, maji ya kuoga. Mama Grâce, umeme umekatika.

Hanigombezi. Hana mwanamke nje (nilichunguza, msiniulize nilichunguzaje). Lakini hanioni. Nikivaa kitenge kipya ananipita kama anapita kabati.

Inauma, jamani. Na ubaya wake huna wa kumlalamikia. Utasema nini? Mume ni mzuri, nyumbani analeta, ila hanitazami? Watakuambia ushukuru Mungu ulale.

Sasa kuna mteja wangu mmoja, dada wa mjini, kucha ndefu, maneno mengi. Nilimwambia kidogo wakati nampima kiuno. Jioni akanitumia kwenye simu maandishi marefu kweli kweli: masomo ya mvuto kutoka kwa wanawake waliotikisa historia.

Kulikuwa na malkia wa Misri aliyejifungia ndani ya zulia ili afikishwe mbele ya jenerali wa Roma. Kulikuwa na mama mmoja wa Ufaransa, si mrembo kupita wenzake, lakini mfalme alikuwa hatoki kwake kwa sababu ya maongezi. Mwingine alianza kama mchezaji wa jukwaani, watu wanamcheka, akaishia kuolewa na kaisari. Kila mmoja na somo lake.

Nilisoma yote huku nashona pindo za suruali. Nikasema leo nimepata dawa.

Nikaanza na sauti. Wanasema uongee chini na taratibu, mwanaume ainame ili akusikie. Baba Grâce akaniuliza kama koo linauma. Kesho yake akaleta tangawizi.

Nikajaribu kutokea ghafla, kama yule wa zulia. Nikaenda dukani kwake bila kusema, nimevaa robe mpya, yaani gauni, midomo imekolea rangi. Alifurahi, sitaki kumsingizia. Akanipa boksi la filta nimshikie wakati anapanda ngazi kutafuta nyingine.

Nikarudi nyumbani na mafuta ya gari kwenye robe. Hasira zilinipanda, nikaamua kuruka hadi somo kubwa.

Somo lenyewe lilisema hivi: mwanaume anathamini kitu akiona wengine wanakitaka. Usidanganye. Acha tu kivuli cha mwanaume mwingine kipite ndani ya nyumba. Akiuliza, tabasamu na unyamaze.

Nikaenda mjini, nikanunua pafyumu, nikamwomba muuzaji aifunge kwa karatasi nyekundu na utepe. Nikaiweka katikati ya meza ya sebuleni.

Baba Grâce alipoingia aliiona kabla hajavua viatu. Akauliza imetoka wapi. Nikatabasamu. Akauliza tena, ni nani aliyenipa. Nikainua mabega, nikaenda jikoni kusonga bukari, yaani ugali wetu wa huku.

Hapa lazima nisimame niwaeleze, maana bila hili hamtaelewa nilichokifanya.

Wakasai wana mwiko wanauita tshibawu. Mwanamke akishaolewa na mahari ikapokelewa, hatakiwi kupokea zawadi ya mwanaume mwingine wala kuguswa naye, halafu akaficha. Akificha, wanaamini balaa inaingia ndani. Mtoto anaugua. Na mume akishajua, halafu akala chakula alichopika huyo mke, anaweza kufa. Njia ya kutoka ni moja, mke aseme mbele ya familia ya mume.

Haya yote nilielezwa siku ya harusi na shangazi yake. Niliitikia ndiyo tantine, ndiyo tantine, huku nawaza viatu vilivyonibana. Kwetu mwiko huo haupo. Na mume wangu amesoma, ana diploma yake ukutani, nikajua hayo ni ya wazee wa kijijini.

Jioni ile hakula. Alisema ameshiba. Akalala kwenye kiti cha sebuleni.

Lakini alinitazama! Wakuu, alinitazama jioni nzima, kila nikiinuka macho yake yako kwangu. Nikamwandikia yule dada kwamba somo limeingia. Akanijibu kwa alama za moto mstari mzima.

Siku ya pili akaja na mkate na kopo la sardini, akala peke yake mlangoni. Mimi nimepika samaki wa Kasenga, wale wakubwa, harufu mpaka kwa jirani. Hakugusa. Nikajisemea wivu umemshika vizuri, mwache aive.

Ujinga wangu ndio huo, nauweka wazi.

Asubuhi ya tatu Grâce akaamka na homa. Tukambeba mpaka kituo cha afya, wakapima, malaria. Msimu wa mvua malaria si habari ya ajabu huku. Lakini muuguzi alipokuwa anamtundikia dripu, Baba Grâce hakuangalia sindano wala mtoto. Aliniangalia mimi. Nilipomsogelea, alirudi nyuma hatua moja.

Nikaelewa kwamba siku zote hizo mume wangu alikuwa ananiogopa.

Alirudi nyumbani kuchukua blanketi, akakaa sana huko. Aliporudi nikamvuta pembeni nikaanza kumwambia, ile pafyumu, sikiliza. Akanikata. Akasema nisimwambie yeye, ameshampigia shangazi yake simu, nitasema mbele ya huyo shangazi. Nililia pale kwenye benchi na watu wakidhani ni kwa ajili ya mtoto. Nilikuwa naona ndoa yangu inaondoka, na nimeiondoa mimi kwa mkono wangu.

Kesho yake mtoto alikuwa ameshapata nafuu, tuko nyumbani. Shangazi akafika kutoka Makomeno na wadogo wawili wa mume wangu kama mashahidi. Pafyumu ikawekwa mezani.

Shangazi hakuzunguka. "Mama Grâce, sema jina."

Nikasema hakuna jina, niliinunua mwenyewe.

"Kama hakuna mwanaume, juu ya nini ulinyamaza?"

Basi, wakuu, ikabidi nimweleze mama wa watu habari za malkia wa Misri. Nilisema yote. Sauti ya chini, zulia, yule wa kaisari, karatasi nyekundu. Shemeji mmoja akaanza kukohoakohoa ili kuficha kicheko. Shangazi hakucheka. Aliniuliza hayo yote nilikuwa natafuta nini.

Pa kutokea hapakuwapo.

"Nilitaka aniangalie tu, tantine. Mwaka muzima haniangalie."

Baba Grâce akainamisha kichwa.

Shangazi akasema amenisikia, ila utaratibu ni utaratibu, akamgeukia yeye. Kuna swali ambalo lazima mume aulizwe: tangu siku ile, amekula chochote kutoka mkononi mwa mke wake? Jibu linalotakiwa ni hapana, na wote tulijua ni hapana. Makopo ya sardini yalikuwa bado kwenye ndoo ya taka.

Akasema, "Nilikula."

Shangazi akadhani hakusikia. Akamuuliza ni lini.

"Jana. Nilikuya kutafuta blanketi. Nikafungua chungu, nikakula samaki na bukari ya baridi. Nikamaliza."

"Mbele aseme?" Yaani kabla mimi sijasema.

"Mbele aseme. Nilikuita juu ya mutoto, tantine. Miye nilikuwa nimeshakula. Kama ni kweli, basi nikufe, lakini nilijua haiko kweli. Minamujua."

Hakuna aliyekohoa tena. Mimi nilitoka nje nikaegemea ukuta wa jikoni, nikalia mpaka Grâce akanifuata.

Kuku alichinjwa kama desturi inavyotaka, nikapika, tukala wote sinia moja. Shangazi aliondoka na ile pafyumu kwenye mkoba wake, eti haifai kubaki nyumba hii.

Funzo langu ni hili. Wale malkia sisemi walikosea, wao walijua wanaume wao. Mimi nilichukua mbinu nikampelekea mtu bila kujiuliza yeye anaogopa nini. Na nilidhani kutotazamwa ni kutopendwa, kumbe nilikuwa sijui hata upendo unapimwa kwa kitu gani.

Sasa niambieni, hasa mliooa au kuolewa kwenye kabila lisilo lenu. Wewe ungeweza kumwambia mwenzako waziwazi kwamba unataka akutazame? Mimi nilisema kwa kulazimishwa, mbele ya wakwe. Wasingenilazimisha, nadhani mpaka leo ningekuwa nimenyamaza.