Siku Niliyoliliwa Sori Nikiwa Mzima

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa kuwa nusu ya eneo letu la Nyatike inakisimulia kisa hiki vibaya (huko Macalder wanasema nilikuwa ndani ya jeneza kabisa, tena la mbao ghali), heri nikisimulie mwenyewe: Jumapili moja alasiri, hapa Sori kando ya ziwa, nilifundisha Kiingereza nikiwa maiti.

Kazi yangu ni kutuma habari za huku ziwani kwa redio moja ya Dholuo, lugha yetu Wajaluo, na Jumapili nilikuwa nikiwafundisha Kiingereza bure akina mama wa soko la samaki katika ukumbi wa kanisa. Mzee Odero, mzee wa kanisa, alitupa ukumbi kwa sharti moja, kwamba siku tutakayoleta fujo ndiyo siku ya kurudisha ufunguo. Tulikubali upesi. Fujo gani, na sisi ni watu wazima?

Aliyenisukuma kuliko wote alikuwa Nyar Kadem, mjane anayeuza samaki wa kukaanga (hilo si jina lake la ubatizo, ni kusema ‘binti wa Kadem’, maana huku mwanamke huitwa kwa jina la kwao). Siku moja tu baada ya Jumapili hiyo ya kisa alitakiwa Homa Bay kwa majaribio ya kazi jikoni mwa hoteli, na mpishi mkuu pale alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili wala Dholuo. Mara ya kwanza alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kutoelewa anachoambiwa, na hii ilikuwa nafasi ya mwisho.

“Mwalimu,” aliniambia, “‘turn’ naijua, na ‘off’ naijua. Lakini yule mtu akisema ‘turn off the gas’, mimi nageuka nampa mgongo.”

Basi nikawaeleza kwamba maneno hayo mawili yakishaoana huwa kitu kipya, yaani kuzima, hayatafsiriwi moja moja, na kwamba ile gesi yenyewe inaweza kuingia katikati, “turn the gas off”, lakini ukishaiita “it” ni lazima ikae katikati, “turn it off”, hakuna cha “turn off it”. Maelezo hayo yaliwalaza usingizi, kwa hiyo tukazoea kuigiza: “put the basin down”, beseni linawekwa chini, “pick it up”, linainuliwa. Hapo waliamka na kushika haraka.

Jumapili hiyo joto lilikuwa kali, wanasinzia, nami nikafanya uamuzi wangu mdogo. Nikaandika ubaoni: “When she heard the news, she broke down.” Nikasema mtu amepata habari mbaya, nguvu zimemwisha, analia. Igizeni.

Wakalia kidogo, kwa adabu, kama watu wanaokata vitunguu.

“Hiyo ndiyo ‘broke down’?” nikauliza.

“Sasa tunamlilia nani?” akasema Min Otis, yaani mama yake Otis, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. “Hapa hakuna maiti. Mtu halii tu ovyo.”

“Basi nitakuwa mimi.” Nikalala kwenye benchi (nikasema “I lie down”, maana sikutaka kupoteza nafasi ya kufundisha), na Nyar Kadem akanifunika leso yake ya kujitanda hadi usoni.

Kama wewe ni mtu wa huku, umeshajua nilipokosea. Kwetu kilio hakichezewi, na anayekisikia haulizi kwanza, analia kwanza, maswali atayauliza akifika. Tena anayelia hakai, hutoka mbio mikono kichwani, azunguke boma, arudi. Wanafunzi wangu wakatoka mbio. Mimi chini ya leso nilisikia sauti zao zikitoka mlangoni, zikizunguka ukumbi, zikirudi zimenenepa, nami nikafurahi, nikajiambia leo darasa limeiva, kumbe zilinenepa kwa sababu soko zima la samaki lilikuwa limeingia nazo.

“Ni nani?” sauti ya mwanamume ikauliza karibu na kichwa changu.

“Ni mwalimu! Yule wa redio!” mama nisiyemjua akajibu akilia. “Na alikuwa bado hajaoa!” (Hiyo iliniuma.)

Hapo ndipo ningeamka. Lakini nikasikia kikohozi cha Mzee Odero, kisha akaanza kuniombea, na niambie, utaamkaje katikati ya maombi yako mwenyewe? Nikaona ni heshima nisubiri amina. Amina haikufika. Simu yangu ikaita mfukoni kwa muziki wa benga wa sauti ya juu, maombi yakasimama, nami kwa mazoea ya kazi nikatoa mkono chini ya leso, nikapokea. Alikuwa mhariri wangu.

“Ndugu, tumesikia kuna kifo Sori, kanisani. Unaweza kuthibitisha?”

Sikuwahi kujibu. Mkono wa maiti ulipogusa simu, ukumbi ulipasuka, wengine mlangoni, wengine madirishani, beseni la mtu likapinduka na samaki wake, ngege, wakasambaa sakafuni. Katikati ya hayo yote nikasikia Nyar Kadem akipiga kelele:

“Mwalimu, get up! Get up! They are running away!”

Hakuwa ametafsiri neno hata moja kichwani kwanza, yalitoka tu, yote mahali pake. Nami, bila haya, chini ya leso nikasema, “Very good.”

Nilipoketi nilimkuta Mzee Odero peke yake mbele yangu, ameshika kofia. Nadhani magoti ndiyo yalimzuia kukimbia.

“Nimekuombea roho, wewe!”

“Asante, mzee.”

“Lete ufunguo.”

Nikautoa. Nyar Kadem akaja mbio, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli. “Mzee, kesho niko jikoni Homa Bay. Ukifunga saa hii, umenifunga mimi.”

“Kwani huko jikoni wanalia?”

Mtu akacheka dirishani, mwingine akacheka, na watu wakaanza kurudi. Na unajua desturi, mtu akishafika matangani haondoki vile tu: kazi ameshaiacha, na wengine walikuwa wameshabeba viti. Wakakaa. Min Otis akawaeleza tulichokuwa tukifanya, muuza ngege akasema kama ni hivyo basi na yeye afundishwe, maana samaki wake wameshamwagika kwa ajili ya Kiingereza hicho. Mzee Odero aliwatazama, akautazama ufunguo.

“Malizeni,” akasema. “Lakini hakuna kulia.” Akavuta kiti nyuma kabisa, akakaa.

Tukaendelea hadi jioni, soko zima: “turn the fire down”, “take the rubbish out”, “put the plates away”, “wipe it up”, na ngege wakaokotwa kwa Kiingereza. Darasa bado lipo, tena siku hizi viti havitoshi, lakini nimeapa kwamba maiti sitakuwa tena mpaka siku yangu yenyewe ifike.

Jumatatu alasiri Nyar Kadem alinipigia kutoka Homa Bay, sahani zinasikika nyuma yake.

“Nimepata kazi, Mwalimu! Yule mpishi ameniuliza, ‘Where did you pick up your English?’ Nikamwambia, ‘At a funeral.’”

“Akasemaje?”

“Akanipa pole sana. Nikamwambia hakuna neno, marehemu anaendelea vizuri.”