Vitabu Vilivyobaki Kwenye Nailoni

Kama kuna kitu kinachompandisha hasira Mwalimu Naima wa darasa la tatu, ni ule ufunguo wa kabati la maktaba. Mtunza maktaba ameuning'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu, na kila asubuhi, kabla ya kugusa kabati, ananawa mikono kwa sabuni kama daktari anayekwenda kupasua mtu. Vitabu vipya vya watoto vimo mle tangu kiangazi kilichopita: vya historia, vya sayansi, vya wanawake waliofanya makubwa. Anavifuta vumbi la Usangu kimoja kimoja, bado vimo kwenye nailoni zake, halafu anafunga tena. Naima akiviomba, jibu ni lile lile: "Vitachafuka, Mwalimu. Watoto wenyewe hawa wanatoka kuchunga." Anasema kwa upole, na upole huo ndio unaokera zaidi.

Leo wamekuja wageni waliovileta vitabu hivyo, wanataka picha. Watoto wamepangwa juani, kila mmoja na kitabu kifuani, na mtunza maktaba anapita akiwarekebisha vidole. "Shika pembeni. Usifungue." Mmoja wao, Mbuke, anamtazama mwanamke wa kwenye jalada la kitabu chake, aliyeweka jicho kwenye darubini.

"Mwalimu, huyu mama alifanya nini?"

Mtunza maktaba anainama, anaangalia, na hajui. "Huyo?" anasema. "Huyo alikuwa hagusi vitu vya watu."

Naima anakatiza mbele ya kamera, anakichukua kitabu, anaichana nailoni kwa meno, anamrudishia mtoto.

"Soma, Mbuke. Soma kwa sauti, mtunza maktaba naye ajue."