Skrubu za Nyota kwenye Mashine ya Kusaga

Mume wangu ni mtu wa reli, na ugonjwa wake ni kufungua vitu. Redio iliyokuwa inaimba vizuri aliifungua ili aone inaimbia wapi. Nilimvumilia mpaka alipoanza kufungua mashine yangu ya kusaga mahindi, kila Jumapili baada ya ibada. Kifuniko cha mkanda kilishikwa na skrubu za msalaba, naye alizizungusha kwa kisu changu cha jikoni. Kisu kiliteleza, misalaba ikalika, vichwa vikabaki vishimo vya mviringo. Mwishowe tulizing'oa kwa koleo, huku wateja wangu, wake za wanajeshi waliotoka kambini na ndoo zao, wakininunia.

Nilikwenda kwa fundi wa magari kutafuta nyingine. Kwenye kopo lake nikaona skrubu zenye shimo la nyota ya pembe sita.

"Hizi zinafunguliwa na nini?"

"Na turnevisi yake tu, mama. Kisu haiingie."

Nilicheka mpaka akaniuliza kama ninaumwa. Tulipima unene na nyuzi zake, zikakubali matundu ya mashine yangu. Nikazinunua pamoja na bisibisi yake, hiyo turnevisi; nikazifunga mwenyewe, bisibisi nikaificha ndani ya kilemba.

Jumapili akatoka na kisu. Mimi na mama yake mzazi tulikuwa nyuma ya pazia. Akachomeka, akageuza, akainama kunusa.

"Mama! Hii kichwa iko ya namna gani?"

"Iko ya nyota, papa," nilimjibu mume wangu.

"Na turnevisi yake iko wapi?"

"Sijue!"

Mama mkwe alijifanya anakohoa, akakimbilia maji.

Siku chache baadaye nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, mkanda ukachomoka. Wateja walikuwa wamejaa. Mume wangu alijaribu kisu, msumari, hata uma. Hatimaye aliomba majirani wamsaidie kupakia mashine kwenye mkokoteni, akausukuma mpaka uwanja wa kanisa, wanawake wakimfuata na ndoo kichwani kama msafara wa harusi. Kwaya nzima ikatoka nje kutazama.

Sikuwa na la kufanya. Nikafungua kilemba mbele ya watu wote.

"Kumbe weye njo ulificha!"

"Minyi njo nilificha," nikakiri kuwa ni mimi. "Sasa shika. Ingiza mpaka ijae ndani ya nyota. Simamisha wima. Kandamiza kwanza, ndipo uzungushe."

Alikasirika kwa muda mfupi tu, mpaka skrubu ya kwanza ilipozunguka bila kuteleza. Akatabasamu kama bwana harusi. Mkanda ukarudi, wanawake wakapiga vigelegele, na bisibisi ikaingia mfukoni mwake.

Nilidhani nimeshinda. Jumapili iliyofuata, spika ya kanisa, yenye skrubu za nyota kama zangu, ilikoroma, ikazima katikati ya wimbo wetu. Mchungaji hakumuuliza mtu mwingine. Alishuka madhabahuni, akaenda moja kwa moja kwenye benchi la mume wangu, akamnyooshea mkono akidai ile bisibisi.