Thibitisha Kwamba Wewe ni Binadamu

Kaka yangu haoni tangu utotoni, na kazi yake ni kupokea simu hospitalini. Anakaa kwenye kijichumba nyuma ya mapokezi, kiti kimelegea mguu, feni inalia, na humo anaunganisha wagonjwa, madaktari na wake za madaktari bila kumchanganya mtu. Wenzake wanamwita Masikio. Akirudi nyumbani anavua viatu, anakaa mbele ya kompyuta ambayo hahangaiki hata kuiwasha skrini, anaandika programu. Ndiyo, anaandika kwa kusikiliza. Mashine inamsomea kila mstari kwa kasi ambayo mimi naisikia kama mbu tu, naye anatikisa kichwa, anafuta, anaandika upya.

Programu yenyewe inasoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti, kwa ajili ya wasioona. Ni programu huria: hailipiwi, na yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuifungua na kuirekebisha. Sauti yake ni yangu mimi, mdogo wake. Alinifungia kabatini katikati ya magauni ya mama ili mwangwi usiingie, nikasoma maneno hadi koo likanikauka. Kwa hiyo asitokee mtu kuniambia mambo haya hayanihusu.

Walioiandika walikuwa wanne, Kaka akiwemo, wakikutana nyuma ya duka la kompyuta la rafiki yake. Huyo tulimwita Mwenyekiti kwa kuwa viti vilikuwa vyake. Walizoea kutumiana faili kwa barua pepe: "ya mwisho", "ya mwisho kabisa", "ya mwisho ndiyo hii". Siku moja Mwenyekiti akabandika yake juu ya ya Kaka, na kazi yote ya matamshi ikapotea. Hapo wakakubaliana kutumia mfumo wa kutunza matoleo, ule unaokumbuka nani kabadilisha mstari gani, na haupotezi kitu. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa tovuti ya kuihifadhia kazi.

Kaka alikuwa ameshazijaribu kadhaa. Alipendekeza moja ndogo, ambayo kurasa zake ni maandishi matupu na hazimsumbui mtu. Mwenyekiti alitaka ile kubwa inayong'aa.

"Masikio, kila mtu yuko kule. Hiyo yako imekaa kizamani, nani ataiona?"

"Sijui nani ataiona, mimi naisikia. Hiyo yenu vitufe vyake havina majina. Nikipita nasikia 'kitufe, kitufe, kitufe'. Halafu mlangoni kuna mtihani wa picha."

"Tutakusaidia, ndugu yangu. Ondoa shaka."

Wakapiga kura, watatu kwa mmoja. Programu ya vipofu, jamani, wakaipeleka mahali ambapo kipofu pekee kati yao hawezi kuingia! Nilikuwa nimekaa pembeni nikimsubiri, na kura sikuwa nayo.

Alipojaribu kujiandikisha, mashine ikamwambia, tena kwa sauti yangu: "Thibitisha kwamba wewe ni binadamu. Chagua picha zote zenye baiskeli." Akabonyeza njia ya kusikiliza badala ya kuangalia, ikakoroma, ikamkataa. Nikamchagulia hizo baiskeli. Baada ya siku chache ikamtoa nje, ikataka picha za taa za barabarani, na mimi niko kazini. Akampigia Mwenyekiti.

"Nitumie mimi," akaambiwa, "nitakuwekea."

Basi ikawa hivyo. Kaka anaandika, anatuma kwa barua pepe, Mwenyekiti anaweka. Kaka akashukuru. Mimi nikashukuru pia, mjinga mimi.

Jioni moja akavuta nakala ya kazi yote, na historia yake, kwenye mashine yake. Alitaka kujua nani aliharibu matamshi ya neno fulani. Nikiwa jikoni nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka chumbani, ikitaja jina la Mwenyekiti. Ikalitaja tena. Kila badiliko alilotuma Kaka lilikuwa na jina la yule bwana. Mfumo una sehemu kabisa ya kumtaja mwandishi, ni kuongeza maneno machache tu kwenye amri, na yeye hakujisumbua. Sufuria nikaisahau motoni.

Kwenye mkutano Kaka akaomba irekebishwe. Mwenyekiti akacheka.

"Sasa tuifumue historia yote? Watu wameshachukua nakala, zitagongana. Hilo ni jina tu, Masikio."

"Kama ni jina tu," Kaka akasema, "toa la kwako."

Mmoja akaanza kufuta miwani yake, mwingine akakumbuka kuangalia simu. Mwenyekiti akaanza kuzungumzia urafiki wao ulivyotoka mbali, jina akaliacha palepale lilipo.

"Dada, twende," Kaka akaniambia.

Hakumbembeleza mtu. Nakala alikuwa nayo, na ruhusa ni ya kila mtu. Akarudi kwenye barua pepe zake, akapanga historia upya, kila badiliko kwa jina la aliyeliandika. Akaipandisha mwenyewe kwenye ile tovuti ndogo, bila kuniita.

Nikamwambia aiache mashine inisomee. Ikasoma jina lake, lake, lake, halafu ghafla likapita la Mwenyekiti, limeandikwa kamili, juu ya vijimistari vyake vichache.

"Futa hivyo!" nikapiga kelele. "Huyu mwizi bado unamwekea jina?"

"Hivyo aliandika yeye," Kaka akasema, akaendelea kusikiliza.